Kabla Hujakubali Giaboksi ya Land Rover Yako Ifunguliwe

Peleka Land Rover 109 ya zamani inayogoma kuingia gia kwenye gereji yoyote ya Nyakato au Igoma hapa Mwanza, na mara nyingi jibu linatoka hata fundi hajaikanyaga klachi: giaboksi imekwisha, tuitoe. Mimi nakuomba usubiri. Nimeishi na Land Rover Series III hapa kwa miaka mingi, nimepanda nayo kilima cha Bugando na kusogea nayo hatua kwa hatua kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo kabla daraja halijakamilika. Gia kugoma ni jambo moja, giaboksi kuharibika ni jambo jingine, na anayelipia gharama ya kuvichanganya ni mwenye gari.

Giaboksi ya gari hizi haishuki kwa chini kama ya Corolla. Zinatolewa kwanza pleti za sakafu, kisha boksi la viti, ndipo inanyanyuliwa kwa winchi na kupitishwa mlangoni. Hapo bado hujakutana na bolti za sakafu zilizoshikwa na kutu, ambazo nyingi zitakatika. Kazi kubwa namna hiyo haifai kuanzishwa kwa kubahatisha.

Anza kwa kujua una gari gani. Series II na IIA, zilizoishia mwaka 1971, zina sinkro, yaani kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kukwaruza, kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ina sinkro kwenye gia zote nne za mbele. Ukiona grili ya plastiki na geji ziko mbele ya dereva, hiyo ni bodi ya III. Geji zikiwa katikati ya dashibodi, ni bodi ya zamani zaidi. Ila bodi isikudanganye, maana gari hizi zimebadilishiana giaboksi sana. Kama ndani kuna giaboksi ya IIA, kukwaruza unaporudi gia ya pili si ugonjwa. Inataka klachi mara mbili: kanyaga, rudisha frii, achia, gusa mafuta, kanyaga tena, ingiza. Rivasi haina sinkro kwenye zote, kwa hiyo gari lazima iwe imesimama kabisa.

Baada ya hapo fanya kipimo ambacho hakigharimu hata shilingi. Tafuta mahali tambarare, zuia matairi kwa mawe (na mawe Mwanza hayatafutwi), zima injini, kanyaga klachi, kisha pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Sasa washa injini urudie. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, halafu zikagoma ikiwa inaunguruma, usimtazame fundi wa giaboksi kabisa. Tatizo ni klachi haiachii. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, hapo shuku fimbo ya gia yenyewe, uma za kusukumia gia au kitu kilichokwama ndani.

Ukitaka uhakika zaidi tumia rivasi. Injini iwe sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu taratibu mpaka tano, ndipo uingize. Klachi inayoachia vizuri inakuwa imeshaacha giaboksi itulie, na rivasi inaingia kimya. Ikikwaruza baada ya kusubiri kote huko, klachi bado inaburuta.

Hapa ndipo wengi wanapopotezewa fedha, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Klachi ya Land Rover hizi inafanya kazi kwa mafuta ya breki: kuna masta ya juu kwenye pedeli na masta ya chini kwenye nyumba ya klachi. Pampu pedeli haraka mara kadhaa, kisha jaribu gia. Ikiingia vizuri kuliko ulipokanyaga mara moja, una upepo kwenye mfumo au raba za masta zimechoka. Kama giaboksi ni ya II au IIA, lala chini ya gari na tochi, ikunje pembeni ile raba ya vumbi ya masta ya chini na upitishe kidole ndani yake. Panatakiwa pawe pakavu. Kidole kikitoka na majimaji meusi yenye utelezi, mafuta yanapita kwenye raba, na umeshampata mwizi wako. Masta ya juu nayo huvujia ndani, mafuta yanateremka kwenye mkono wa pedeli. Ukiona kapeti la dereva limelowa na rangi imeanza kubabuka pale chini, hayo si maji ya mvua. Mafuta ya breki hula rangi.

Kwenye giaboksi hiyo hiyo, mwombe mtu akanyage pedeli huku wewe ukitazama ule mchi unaotoka kwenye masta ya chini. Ukisogea kidogo tu, tengeneza mfumo wa mafuta: badili raba, toa upepo, angalia mpira wa mafuta usiwe unavimba unapokanyagwa. Ukisogea vizuri na gia bado zinagoma, ugonjwa uko ndani ya nyumba ya klachi.

Kuna ugonjwa mwingine ambao sisi wa kando ya ziwa tunaujua. Gari iliyolala msimu mzima wa masika bila kuwashwa, diski ya klachi hushikana kwa kutu na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Pedeli ni ya kawaida, mchi unasogea, lakini gia hazikubali hata moja. Kabla ya kufungua chochote ipashe injini moto, izime, ingiza gia ya pili, kanyaga klachi na uwashe gari likiwa kwenye uwanja mpana usio na watu, maana litaondoka hapo hapo. Endelea kukanyaga klachi huku ukiongeza na kupunguza mafuta. Mara nyingi diski huachia kwa mshtuko.

Gia inayochomoka yenyewe ni habari tofauti. Kwenye Series ni ya pili inayosumbua zaidi, hasa unapoteremka huku umeachia mafuta. Kwanza waambie wakague springi na vigololi vinavyoishika fimbo ya kuchagulia gia, kwa sababu vinafikiwa bila kuitoa giaboksi na bei yake ni ndogo. Springi mpya zisiposaidia, ndipo uanze kufikiria bushi na beringi zilizolika ndani.

Gia zikiingia zote lakini gari haiendi, tazama fimbo yenye kirungu chekundu kabla hujamwita mtu. Hiyo ni ya boksi la chini, lile linalopokea nguvu kutoka kwenye giaboksi na kuipeleka matairini. Ikibaki katikati, haiko kwenye gia za juu wala za chini, na nguvu haifiki matairini. Mtoto akicheza ndani ya gari anaweza kuisogeza.

Oili usiipuuze. Giaboksi inachukua lita 1.5 hivi za oili 90, na boksi la chini lina oili yake peke yake, kama lita 2.5. Kuweka 140, iliyo nzito zaidi, ili kelele ipungue sikubaliani nako. Asubuhi gia zinakuwa nzito na ugonjwa unafichwa tu. Ukimwaga oili ya zamani, imwagie kwenye beseni safi na uiangalie juani. Vumbi laini linalometameta kama dhahabu linatoka kwenye bushi na sinkro, na kidogo chake ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno ya gia, na hapo hakuna tena mjadala.

Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo, lile linalozibwa kwa bolti wakati wa kuvuka maji. Oili ikidondoka hapo, inuse. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti. Isiyo na harufu hiyo inatoka kwenye sili ya nyuma ya injini. Yoyote kati ya hizo ikifika kwenye diski, klachi itaanza kuteleza au kushika kwa kurukaruka.

Vipimo vyote vikionyesha kwamba lazima itolewe, itoe, lakini usiirudishe na vitu vya zamani. Badili diski, beringi ya klachi, sili ya mbele ya giaboksi na ile ya nyuma ya injini, pamoja na kile kibushi cha shaba kilicho mwisho wa krankishafti. Hicho kibushi mafundi wengi hukiacha kwa sababu ni kidogo, na kikianza kung'ang'ania, shafti ya giaboksi ambayo ncha yake inakaa humo inazunguka hata ukikanyaga klachi mpaka sakafuni, na utarudi kwenye gia zinazokwaruza huku ukiwa umeshalipia giaboksi nzima.