Iamsheni chipu kwanza: ushauri kwa wanaoanza kuandika viendeshi vya Bluetooth

Kwa ninyi mnaoanza kuandika viendeshi vya Linux, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa, iwe mmetoka Makerere, Mbarara au mmejifunza wenyewe nyumbani, ningependa mshike jambo moja kabla ya mengine yote: kuilaza chipu ya Bluetooth, yaani kuipunguzia umeme isipokuwa na kazi, ni jambo jepesi, lakini kuiamsha bila kupoteza hata baiti moja ndiko kunakompima mwandishi wa kiendeshi. Kwa sababu hiyo nawashauri muandike njia ya kuamka, muijaribu mpaka muiamini, kisha ndipo muiruhusu chipu ilale. Jambo hili lina uzito kwetu Uganda, kwa kuwa kifaa mtakachokitengeneza huenda kikafungwa katika kituo cha afya kule Karamoja kikitegemea sola na betri, na kiendeshi kisichojua kulala huila betri hiyo usiku kucha hata pasipokuwa na kipimo chochote kinachopokelewa.

Anzeni na mchoro wa saketi. Chipu nyingi zinazounganishwa kwa UART (njia ya kupitisha data biti moja baada ya nyingine) huwa na nyaya mbili za ziada: mmoja ambao kompyuta huutumia kuiamsha chipu, na mwingine ambao chipu huutumia kuiamsha kompyuta kwa kikatizi, yaani ishara inayoikatiza kazi yake. Nyaya hizo zikiwepo, kilichobaki ni mpangilio wa hatua. Fungueni hci_bcm.c, kiendeshi cha chipu za Broadcom, muone: wakati wa kulala, kiendeshi kwanza huizuia chipu kutuma data kwa udhibiti wa mtiririko, ndipo huondoa ishara ya kuamsha, wakati wa kuamka hufanya kinyume. Mkizigeuza hatua hizo, chipu inaweza kutuma data wakati hakuna anayeipokea, na kosa la namna hiyo hujitokeza kwa nadra kiasi kwamba watu huishia kukilaumu kifaa.

Nyaya hizo zisipokuwepo, itabidi mtegemee itifaki ya kuamshana kupitia UART yenyewe, kama chipu inayo. Itifaki ya Texas Instruments, iliyomo katika hci_ll.c, inatumia baiti nne tu: 0x30 ni taarifa ya kulala, 0x31 ni jibu lake, 0x32 ni taarifa ya kuamka, na 0x33 ni jibu lake. Ukiisoma haraka utadhani imekwisha hapo. Lakini itakuwaje pande zote mbili zikituma 0x32 kwa wakati mmoja? Kiendeshi hicho kimelijibu swali hilo waziwazi: kompyuta iliyokwisha kutuma 0x32, ikapokea 0x32, haingojei jibu tena, bali hutuma 0x33, kisha huzitoa pakiti zilizokuwa kwenye foleni. Bila uamuzi huo pande mbili zingeweza kubaki zikingojeana. Mimi husisitiza kwamba kila hali na kila ujumbe unaoweza kufika katika hali hiyo vichorwe kwenye karatasi kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo.

Kosa lingine hujificha katika hesabu ya watumiaji wa kifaa ambayo kerneli, yaani kiini cha Linux, huitunza. Kitendaji pm_runtime_get_sync huiongeza hesabu hiyo hata kinaposhindwa kukiamsha kifaa, kwa hiyo njia ya kosa isiyoipunguza hukiacha kifaa bila ruhusa ya kulala tena, na hakuna ujumbe wowote utakaokueleza. Tangu toleo la 5.10 la Desemba 2020 kuna pm_runtime_resume_and_get, ambacho huirudisha hesabu chenyewe kinaposhindwa; kitumieni hicho.

Kwa upande wa USB, kerneli kwa kawaida hungoja sekunde 2 za ukimya kabla ya kukilaza kifaa kilichoruhusiwa kulala, na btusb, kiendeshi cha Bluetooth ya USB, hukataa kulala ikiwa bado kuna data inayotumwa. Angalieni pia vile vifaa vya bei nafuu vyenye utambulisho 0a12:0001, kwa maana vingi ni vya kuigiza na si chipu halisi za kampuni ya CSR. Btusb ina msimbo maalumu kwa ajili ya vifaa hivyo, na hauwafai kama kielelezo cha kazi yenu.

Redio nayo ina usingizi wake. Katika hali ya sniff, kifaa kilichounganishwa husikiliza kwa vipindi, na kerneli kwa kawaida huomba vipindi vya nafasi 80 hadi 800 za milisekunde 0.625, yaani milisekunde 50 hadi 500. Kipindi kirefu huokoa umeme zaidi, ila data huchelewa.

Mkishamaliza, someni runtime_active_time na runtime_suspended_time katika sysfs, mafaili ambamo kerneli huonyesha hali ya vifaa, lakini msiishie hapo, kwa sababu namba hizo zinaeleza kile ambacho kerneli inakiamini, ilhali chipu yenyewe inaweza kuwa macho. Wekeni ammita kwenye waya unaoilisha chipu, mpime ikiwa haijaunganishwa na kifaa chochote, ikiwa imeunganishwa lakini iko kimya, na ikiwa inapokea data. Mkondo wa hali ya pili ukikaribia ule wa tatu, rudini kwenye hesabu ya watumiaji.