Maswali na majibu: stovu za pampu za zamani

Nimerithi stovu ya shaba ya babu, imeandikwa Primus. Nitajuaje ni ya mwaka gani?

Igeuze utazame chini ya tangi. Kuanzia 1911, kiwanda cha Stockholm kiligonga herufi ya mwaka: A ni 1911, B ni 1912, C ni 1913, na kuendelea. Futa masizi taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ukikwangua kwa kisu utaipoteza herufi yenyewe. Ukikuta pia B.A. Hjorth & Co., hiyo ndiyo kampuni iliyouza stovu alizobuni Mswidi Frans Lindqvist mwaka 1892. Ila herufi inakupa umri wa tangi tu. Kichwa (sehemu inayowaka moto), miguu na pampu huenda vilishabadilishwa, maana fundi hufunga kinachoingia.

Napampu weee, upepo haushiki.

Mara nyingi ni ngozi. Fungua kifuniko cha pampu, vuta mpini utoke wote. Mwishoni kuna kikombe kidogo cha ngozi. Kikiwa kikavu na kimenywea, kiloweke kwenye mafuta ya mashine usiku kucha, kisha kitanue kwa vidole hadi kingo ziguse ukuta wa pampu pande zote. Usikate tamaa upesi, ngozi kuukuu hufufuka.

Lakini kama mpini unapanda wenyewe baada ya kuusukuma, iache ngozi, tafuta vali iliyo chini kabisa ya pampu: kipande cha raba au cha gome la vizibo ndani yake kimekufa. Ukishatengeneza, jaza upepo bila kuwasha na upake povu la sabuni kwenye maungio yote. Likitoa mapovu mahali, usiiwashe.

Kichwa cha kunguruma na cha kimya, nichukue kipi?

Mimi cha kunguruma, kelele zake zote nazivumilia. Moto hugonga kisahani kimoja cha chuma ukatawanyika, na upepo wa nje haukisumbui sana. Cha kimya kina kofia zenye matundu, na kofia ndizo za kwanza kupotea. Bila kofia, punguza bei sana au ondoka.

Niing'arishe?

Ndimu na majivu vinatosha. Usipeleke kwenye mashine ya kung'arishia. Itakurudia inameremeta na maandishi yamelika. Stovu iliyofifia lakini inasomeka naipa thamani kubwa zaidi.

Nimeona Svea 123 inauzwa. Muuzaji anasema pampu yake imepotea.

Haijawahi kuwa nayo! Stovu hii ya Uswidi, iliyotoka 1955, ni ya petroli, na presha yake hutokana na joto la tangi lenyewe. Angalia kama kile kifuniko cha juu, ambacho hutumika kama kikombe, kipo, na kiufunguo cha kufungulia moto pia. Vikiwepo, msikilize muuzaji akilalamikia pampu hadi ataje bei.

Mafuta ya taa yameadimika kwetu. Naweza kutia petroli kwenye Primus ya babu?

Hapana. Stovu nyingi za aina hiyo hazina koki ya kufunga moto. Unazima kwa kulegeza skrubu ya hewa, na upepo unatoka tangini. Ukiwa na petroli humo, kinachotoka ni mvuke wa petroli, sentimita chache kutoka kwenye moto unaotaka kuuzima.