Kwa mnaoanza: jedwali la kereng'ende na fuko

Wadogo zangu, nimesoma rasimu zenu, nikacheka, kisha nikanuna. Mliambiwa mlinganishe kwa jedwali Pantala flavescens, kereng'ende mhamaji, na Heterocephalus glaber, fuko asiye na manyoya. Wengi mmelinganisha mdudu na mamalia, mkafunga daftari.

1. Jina la kisayansi liwepo kila mahali. Kuna aliyemlisha fuko wetu minyoo! Wanaokula minyoo ni mafuko wa Ulaya. Huyu ni mgugunaji wa Kenya, Ethiopia na Somalia, chakula chake mizizi na viazi vya porini.

2. Joto la mwili. Hapa ndipo nilipoungua mimi. Niliandika kereng'ende "damu baridi", fuko "damu moto", nikawasilisha kwa madaha. Msimamizi akauliza kwa upole: ukimtoa huyo fuko shimoni ukamweka penye baridi, joto lake litabaki pale pale? Nikasema ndiyo, si mamalia? Akarudia swali. Badala ya kushtuka, nikapandisha sauti. Kumbe fuko huyu hawezi kulishika joto lake vizuri. Hupanda na kushuka kufuata mazingira, ndiyo maana hulala wamerundikana. Kereng'ende naye akiruka, misuli ya mabawa hukipasha kifua chake joto kuliko hewa iliyomzunguka. Nilikuwa nimenakili sifa za ngeli, yaani kundi zima la wadudu au mamalia, mnyama mwenyewe sikumtazama. Joto la aibu nililopata pale lingewatosha wote wawili.

3. Umri. Fuko huweza kupita miaka 30. Kwa kereng'ende hesabuni pia tunutu, yaani kereng'ende mchanga asiye na mabawa bado, anayeishi majini na kupumua kwa matamvua yaliyo ndani ya utumbo wa nyuma. Ndiyo, huko huko, chekeni muendelee. Hukomaa kwa wiki chache, kabla dimbwi la mvua halijakauka. Na hatua ya pupa, ile ya kutulia kama kipepeo kabla ya kuota mabawa, hana, futeni.

4. Mwendo. Mmoja huchimba kwa meno, midomo ikifunga nyuma yake udongo usiingie. Mwingine, kwa hoja aliyoitoa mwanabiolojia Charles Anderson mwaka 2009, huvuka bahari kutoka India hadi Afrika Mashariki.

5. Jamii. Mwanabiolojia Jennifer Jarvis alionyesha mwaka 1981 kwamba mafuko hawa wana malkia na vibarua, kama mchwa. Aliyeandika "wote wana malkia" aje tuonane. Si ugomvi, nataka tu anionyeshe huyo malkia wa kereng'ende alimwona wapi.