Kuhakiki vitabu bila malipo: raha yake iko wapi?

Ndugu, umesema unapenda historia na mashairi, unashinda kazini Industrial Area, Nairobi, na huelewi kwa nini mtu asiye mwalimu ajisumbue kuandika uhakiki. Mimi si mwalimu, silipwi, na nimeandika uhakiki kwa miaka mingi. Raha ipo, tena kubwa. Inatokana na kulazimika kuthibitisha unalosema.

Wengi wetu tuliosoma Kenya tuliujua uhakiki kupitia karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili, ile ya fasihi: taja maudhui, eleza sifa za mhusika, toa mifano ya tamathali. Miongozo ilisomwa kuliko vitabu vyenyewe. Ukitoka huko unaamini kwamba kuhakiki ni kujaza majibu ambayo mtahini anayo tayari. Sahau hayo kabisa.

Chukua Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa cha jirani na Lamu. Ukiusoma mara ya kwanza unapata mawaidha: dunia hupita, moyo uzinduke. Ni kweli, na wengi huishia hapo. Nilipoanza kuuandikia uhakiki sikutosheka, kwa sababu tenzi za mawaidha ni nyingi na huu ndio usiotaka kunitoka akilini. Kwa nini huu? Nikarudi kwenye beti za majumba. Mshairi anatuingiza katika nyumba za matajiri wa Pate, zinang'aa kwa taa za kioo na za shaba hadi usiku umekuwa kama mchana. Halafu anatuonyesha nyumba hizo hizo zikiwa tupu: makinda ya popo yananing'inia juu, ndege wamelala katika vidaka vilivyokuwa vya kupangia sahani, bundi anakoroma ndani.

Vidaka hivyo ndivyo vilivyonipeleka kwenye vitabu vya historia. Pate ilineemeka kwa biashara ya bahari, ikadhoofika kwa vita na ugomvi wa kugombea utawala, na mwanzoni mwa miaka ya 1810 jeshi lake pamoja na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, lilishindwa na watu wa Lamu pale Shela, kisiwani Lamu. Vidaka vya ukutani bado utaviona katika nyumba za kale za Lamu. Kusini zaidi, James Kirkman alipoanza kuyachimba magofu ya Gedi, mji wa kale karibu na Malindi, mwaka 1948, alikuta vigae vya vyombo vya Kichina. Kwa hiyo mshairi hakuwa akipamba. Alikuwa akitaja vyombo vya nyumba ambazo watu wa kwao walizijua, chumba kwa chumba, na ndiyo maana mawaidha yake yanauma. Hilo ndilo niliandika, na siku nilipoliona nilitembea kutoka Moi Avenue hadi nyumbani nikilirudia kichwani.

Kiamu chenyewe, lahaja ya Lamu iliyomo katika utenzi huo, kilinipa taabu. Mzee mmoja wa asili ya Lamu anayekaa Majengo, Pumwani, alikubali nimsomee. Alikuwa ananikatiza kwenye mizani kabla hata hatujafika kwenye maana; kwake shairi lisilopewa mahadhi halijasomwa. Nimeushika msimamo wake. Sihakiki shairi ambalo sijalisoma kwa sauti.

Lakini historia nayo inaweza kukufunga macho. Mshairi Abdilatif Abdalla alitiwa ndani kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya "Kenya: Twendapi?", waraka wa kuikosoa serikali, na mashairi aliyotunga gerezani yakatoka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Basi wasomaji wengi huona gereza katika kila mshororo. Katika shairi la mnazi, wawili wanajibizana kuhusu mti mmoja. Unaweza kuwasoma kama Kenya ya baada ya uhuru, na mimi naukubali usomaji huo. Ila ni majibizano, kila mmoja amepewa zamu ya kujitetea, na mhakiki anayemnyamazisha mmoja ili siasa zake zikae sawa amelipunja shairi. Nimebishana sana na rafiki zangu juu ya hili, na mabishano hayo ni sehemu ya raha ninayokuambia.

Wewe uko karibu na maktaba za umma za Makadara na Kaloleni, zitumie. Mjini pitia inama, wale wauza vitabu wanaotandaza chini kandokando ya barabara. Matoleo ya zamani huibukia huko. Ukikutana na kitabu cha Mohamed Hassan Abdulaziz kuhusu Muyaka, cha 1979, usikiache. Mshairi huyo aliishi Mombasa ya Wamazrui, alitunga mashairi ya kumkabili Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, na akatunga pia ya mapenzi na ya shida za nyumbani. Ndani ya diwani moja una historia na fasihi pamoja.

Anza na shairi moja tu. Lisome, liache siku kadhaa, lisome tena na penseli mkononi, kisha andika jambo moja ambalo una hakika nalo, na uonyeshe ni ubeti upi uliokupa hakika hiyo. Liweke hapa. Nitalisoma lote, na pale ambapo ubeti hausemi unachodai, nitakuuliza.