Mwimbaji niliyempenda amekonda, nami nahisi amenisaliti

Mpendwa Shangazi,

Nina umri wa miaka 26 na nimekuwa mnene tangu utotoni. Shuleni waliniita tipwatipwa hadi wengine wakalisahau jina langu halisi. Nilipofikisha miaka 16 alitokea mwimbaji mmoja mwenye mwili kama wangu, aliyesimama jukwaani bila kujificha ndani ya nguo pana, nami nikaibandika picha yake upande wa ndani wa mlango wa kabati ili niione kila asubuhi ninapovaa. Mwaka huu amepungua sana, na kila mahali watu wanamsifu kana kwamba amerudi kutoka vitani na ushindi. Dada yangu alinitumia picha zake mbili, ya zamani na ya sasa, zimewekwa ubavu kwa ubavu, bila neno lolote. Usiku ule nilimwandikia mwimbaji huyo, chini ya picha yake, kwamba ametuuza na kwamba sasa anafanana na mgonjwa. Mamia ya watu waliniunga mkono, na wengine wakaongeza maneno makali kuliko yangu. Picha ya kabatini nimeibandua na kuitia kwenye droo. Tangu hapo, yapata wiki tatu, sili chakula cha jioni, na ninakunywa chai ya kupunguza mwili niliyoiagiza kwa simu. Ninamchukia, ninajichukia kwa kumchukia, na wakati huohuo ninatamani kuwa kama yeye. Je, nina makosa kuhisi nimesalitiwa? Na ile picha niifanyeje?

Msomaji aliyeumia

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale unaposema kwamba unamchukia, unajichukia, na bado unatamani kuwa kama yeye. Kuishi na mambo hayo matatu kifuani kwa wiki tatu, tena kwa tumbo lenye njaa, ni mateso, na ninakushukuru kwa kuyaandika badala ya kuyafukia. Jina la mwimbaji uliloniandikia nimeliondoa, kwa sababu mwili wake umekwisha kujadiliwa vya kutosha.

Kabla ya kujibu swali lako, niruhusu nizungumzie jambo lisiloweza kungoja, nalo ni hiyo chai. Nyingi kati ya chai zinazouzwa kwa ahadi ya kupunguza mwili zina sanamaki au dawa nyingine ya kuharisha, kwa hiyo kinachopungua kwenye mizani ni maji na choo, wakati mafuta yako yanabaki palepale. Mtu anayejiharisha kwa muda mrefu hupoteza pia madini ya mwilini, hasa potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige kwa mpangilio. Iache leo, kisha uende kwa daktari ukamweleze waziwazi unachokunywa na mlo unaouruka, hata kama hujapata kizunguzungu, moyo kwenda mbio au hedhi kukatika. Na kama dalili hizo umekwisha kuziona, usingoje hata siku moja. Usijiambie kwamba matatizo ya kula ni ya watu wembamba. Mtu mnene anaweza kujinyima chakula hadi kufikia hatari huku wanaomzunguka wakimpongeza kwa kupendeza, na ndiyo maana hali yake huchelewa kutambuliwa. Mwimbaji wa Marekani Karen Carpenter alifariki Februari 1983 akiwa na miaka 32, moyo wake ukiwa umedhoofishwa na miaka ya kujinyima chakula. Simtaji ili kukutisha. Namtaja kwa sababu ulichokianza wiki tatu zilizopita kina jina, na kina matibabu.

Sasa nikujibu. Huna kosa kuhisi umesalitiwa, kwa maana hisia haiombi ruhusa. Ninaielewa ilikotoka. Mtoto aliyenyang'anywa jina lake na kupewa tipwatipwa alikuwa anahitaji mtu wa kusimama mbele ya watu na kumdhamini, na wewe ulimpata mdhamini huyo ukambandika mlangoni. Kila asubuhi ulipofungua kabati, mwili wake ulikuwa ushahidi kwamba mwili wako nao una haki ya kupita mtaani. Tatizo ni kwamba yeye hakuwahi kujua kwamba anakudhamini. Aliishi katika mwili wake kama unavyoishi katika wako, ukimuuma, ukimchosha, ukibadilika, na siku alipoubadilisha, au ulipobadilika wenyewe, kwako ilikuwa kama dhamana imefutwa.

Hujawa wa kwanza kuumia hivi. Mwaka 2012 mbunifu wa mitindo Karl Lagerfeld alisema hadharani kwamba Adele, mwimbaji wa Uingereza, ni mnene kidogo kupita kiasi, kisha akaomba radhi baada ya watu kukasirika. Mei 2020 Adele aliweka picha ya siku yake ya kuzaliwa akiwa amepungua, na baadhi ya wanawake waliokuwa wakimpenda walilalamika karibu kwa maneno yako, kwamba amewaacha. Katika mahojiano yake na mtangazaji wa Marekani Oprah Winfrey mwaka 2021 alieleza kwamba mazoezi aliyaanza kwa sababu ya wasiwasi uliokuwa ukimzidi wakati ndoa yake ilipovunjika, na kwamba anasikitika ikiwa kuna aliyejisikia vibaya kwa ajili yake, ila si kazi yake kuwathibitishia watu wengine thamani ya miili yao. Wapo waliouona ukali katika jibu hilo. Mimi naliona ni jibu la mwanamke aliyechoka kupimwa, kwanza kwa kuwa mkubwa, halafu kwa kuwa mdogo.

Aliyekuwa akimhoji anaijua mizani hiyo kuliko wengi. Novemba 1988 Oprah aliingia kwenye kipindi chake akivuta kigari kilichojaa mafuta ya mnyama, yapata kilo 30, sawa na uzito alioupunguza baada ya miezi ya kuishi kwa vinywaji maalumu bila chakula. Ukumbi ulimshangilia. Uzito ukaanza kurudi mara tu alipoanza kula tena, na baadaye amekiri kwamba anakijutia kigari kile. Mwaka 2024 alisema kwamba kwa miaka 25 kuudhihaki uzito wake kulikuwa kama mchezo wa taifa zima. Fikiria jambo hilo, mwanangu: waliomshangilia siku ya kigari na waliomcheka kilo ziliporudi walikuwa wakitazama kitu kilekile. Ndiyo maana ninakuomba usizionee wivu sifa anazomiminiwa mwimbaji wako hivi leo. Anayeambiwa "umependeza, umepungua" amearifiwa pia, kwa adabu, kwamba watu wanamhesabia, na kwamba hesabu itafunguliwa upya akiongezeka. Ukikonda mno nawe unaitwa kimbaumbau. Hakuna kilo ambayo mwanamke maarufu akiifikia ataachwa apumzike.

Nije kwenye maneno uliyoandika, kwa sababu umeniambia ukweli nami sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kumwambia kwamba anafanana na mgonjwa kulikuwa ni kumtendea kile ulichotendewa darasani. Tena hukujua anapitia nini. Mwimbaji wa Marekani Ariana Grande alilazimika kueleza mwaka 2023, baada ya watu kumwona amekonda na kuanza kumlinganisha na mwili wake wa zamani, kwamba mwili ule waliouita wenye afya ulikuwa wa kipindi chake kibaya kuliko vyote, alipokuwa akinywa dawa nyingi za mfadhaiko na kuzichanganya na pombe huku akila vibaya. Mwaka huohuo mwimbaji mwenzake Selena Gomez, ambaye ana lupasi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe, na alipandikizwa figo mwaka 2017, aliwaeleza waliokuwa wakimsema kwamba amenenepa kuwa dawa zake huufanya mwili wake ushike maji. Mmoja alisifiwa akiwa anaumia, mwingine alisemwa kwa kutumia dawa anazozihitaji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi huwa tunavihukumu vitanda vya watu kwa kutazama shuka.

Nina kovu langu katika jambo hili. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikitazama taarifa ya habari na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 12, ameketi sakafuni mbele ya kiti changu. Akatokea mtangazaji aliyekuwa amerejea kazini baada ya kujifungua, nami nikasema bila kuwaza, "Huyu naye amejiachia." Nilikuwa nimekwisha kuyasahau maneno hayo nilipouona mkono wa binti yangu ukishika pindo la blauzi yake na kuivuta mbele, taratibu, ili isimgande tumboni. Hakugeuka kunitazama. Akaendelea kuishikilia hivyo mpaka habari zikaisha. Mtangazaji yule hakunisikia, na asingenisikia hata ningepiga kelele. Nilimwomba binti yangu msamaha siku iliyofuata, naye akaniambia hajui ninazungumzia nini, lakini kwa muda mrefu baada ya hapo hakuketi mbele yangu.

Nakusimulia hayo kwa sababu ya wale mamia waliokuunga mkono. Miongoni mwao wamo wasichana wembamba waliosoma neno "mgonjwa" na kuangalia mikono yao, kama vile wewe ulivyozisoma sifa za kupungua kwake ukaacha kula. Kwa hiyo nenda ukayafute maneno yale. Huhitaji kuandika tangazo la kuomba radhi. Maneno mengine juu ya mwili wake, hata yakiwa mazuri, yataufungua mjadala upya. Yafute, kisha uache kwa muda kuzifuata kurasa zinazoishi kwa kupanga picha mbilimbili za wanawake, ya kabla na ya baada, kwani kila unapozitazama simu yako inajifunza kukuletea nyingine.

Dada yako ni suala gumu zaidi, kwa sababu huyo hafutiki wala hatakiwi kufutwa. Huenda alikutakia mema kwa njia mbaya, na huenda hakuwaza lolote, lakini picha zisizo na neno zilisema mengi. Mtafute mkiwa wawili tu, mbali na masikio ya familia, umwambie hivi: "Dada, zile picha mbili ziliniumiza, na tangu siku ile sili vizuri. Naomba usinitumie tena jambo lolote linalohusu mwili wa mtu." Akikuambia kwamba anajali afya yako, mkubalie, kisha umwombe akusindikize kwa daktari, huko ndiko shinikizo la damu na sukari hupimwa, na kilo husomwa pamoja na mambo mengine mengi. Anayejali afya yako kweli atakwenda nawe.

Sijakuambia usipungue. Ukitaka kuubadilisha mwili wako siku moja, kwa sababu zako na kwa ushauri wa mtu aliyesomea, ni haki yako kama ilivyo haki ya mwimbaji wako, na hutakuwa umemsaliti mtu yeyote. Ninachokukataza ni kuanza safari hiyo usiku, kwa hasira, kwa sababu ya picha mbili.

Kuhusu ile ya kwenye droo, usiirudishe mlangoni kwa sasa. Wiki hizi chache ukifungua kabati uvae bila shahidi. Msikilize, lakini usimtazame. Sauti yake ndiyo iliyokuita kwanza, nayo haijasemwa na mtu kwamba imenenepa au imekonda. Ukiona baada ya muda kwamba unaweza kuishika picha ile mkononi bila kulinganisha kiuno chake na chako, ibandike tena, hata ikiwa ni ya zamani. Leo jioni keti mezani na wenzako ule, hata kidogo, na ukishamwona daktari niandikie unieleze alichokuambia.

Shangazi yako