Jibu: Nyumba ya Karen Blixen, inafaa kumpeleka mama?

@uliyeuliza kama inafaa kumpeleka mamako kwa ile nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, huko Karen Nairobi, ama ni ya watalii tu, mpeleke bana. Si mbali, panda matatu namba 24 ya kwenda Hardy, inapita hapo geti, na mbebe vitambulisho juu bei ya mwananchi ni tofauti kabisa na ya mgeni.

Nyumba yenyewe ilijengwa 1912 na injinia Mswidi, Blixen akaingia 1917 na akakaa hadi 1931 shamba la kahawa lilipofilisika, hapo karibu na milima ya Ngong ni juu sana na baridi mingi, kahawa haikukubali. Denmark ndio waliipa Kenya kama zawadi ya uhuru, ikafunguliwa kama makumbusho 1986. Ndani utaona jikoni ya zamani, vitanda, ngozi za wanyama, lakini si kila kitu ni cha enzi hizo, vingine vilitoka kwa ile filamu ya maisha yake, Out of Africa ya 1985, kwa hivyo uliza kipi ni kipi.

Sasa kitu mimi naona ni muhimu kuliko fanicha, mwambie anayewatembeza awaambie habari za Wakikuyu waliokuwa maskwota kwa hilo shamba, na Kamante mpishi, na Farah yule Msomali aliyesimamia nyumba yote, maana wengi wanatoka hapo wakijua mapenzi ya wazungu tu na hiyo inaniuma sana. Mama kama ni wa umri atakuwa na mengi ya kuongezea. Halafu msiondoke bila kuona mashine za kahawa huko nje kwa miti, na mwende asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajafika.