Shangazi, nimekariri karata zote 78 lakini mdomo haufunguki

SWALI

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, nimezaliwa Temeke, huu mwaka wa nne niko Leicester, Uingereza, nalea wazee. Mwaka jana mwenzangu wa kazini alinizawadia pakiti ya karata za taroti, zile za kutazamia. Nimezikariri zote 78 pamoja na kijitabu chake, usiku baada ya zamu. Lakini mtu akikaa mbele yangu nafunua karata, nasema "hii ni hasara", basi, nimekwama, natazama meza. Kuna mama hapa anasomea watu nyumbani kwake. Mwenzangu anasema nikamwombe nikae pembeni nisikilize. Mimi naona ni kumwibia ujuzi, na siri za watu juu yake. Na hata nikikaa, nisikilize nini hasa? Nyumbani mama hajui; akijua atasema napiga ramli.

Mkwama Njiani, Leicester

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako imenirudisha kwenye beseni la vyombo.

Miaka mitatu nilifanya kazi jikoni kwa Wareno, mkahawa mmoja wa South Lambeth Road, London, upande wa Stockwell, kule ambako vikeki vyao vya mayai vimejaa madirishani. Jumanne na Alhamisi mchana, wateja wakipungua, mama mmoja mtu wa Madeira, kisiwa cha Ureno, alikuwa akikaa meza ya nyuma anasomea watu karata. Kati yake na beseni langu palikuwa na pazia la shanga tu. Hakuna aliyenikaribisha. Nilikuwa naosha vikombe polepole kuliko ilivyohitajika, ndivyo nilivyoanza.

Siku za mwanzo sikuambulia kitu, Kireno changu kilikuwa cha "asante" na "moto huo, jihadhari". Kisha siku moja nikamsikia anasema copas. Punde, paus. Espadas. Ouros. Nikasimama na sahani inachuruzika maji. Kopa, pau, shupaza, uru! Maneno ya babu yangu hayo, barazani Mji wa Kale, Mombasa, baada ya alasiri: "Toa shupaza wewe, umeificha!" Wareno walituachia majina, na neno karata lenyewe pia ni lao. Ila kopa yetu siku hizi ni moyo, na kwenye taroti bado ni kikombe kama jina lilivyo. Uru ni dhahabu, zile sarafu. Shupaza ni upanga, pau ni gongo. Kwa hiyo zile aina nne ulizokesha ukizikariri kwa Kiingereza ulikuwa nazo tangu Temeke, kama kwenu walicheza karata. Ziite hivyo. Nina hakika nusu ya kukwama kwako ni hapo.

Sasa usikilize nini. Mimi nilikosea mwaka mzima nikisikiliza maana: karata hii kasema hivi, ile kasema vile, naandika nyuma ya risiti. Risiti zikajaa droo, nami bado bubu kama wewe. Maana umeshazisoma kwenye kijitabu. Sikiliza maneno madogo anayoyatia katikati ya karata na karata.

Nikupe mfano mmoja, na kilichomleta mteja nitakiacha. Mama alifunua nane ya uru, yule fundi kwenye benchi anagonga sarafu, kisha tano ya kopa. Unaijua: mtu kajifunika joho jeusi, kainamisha kichwa, vikombe vitatu vimepinduka mbele yake. Wewe ungesema "kazi", halafu "hasara", ukatazama meza. Mama hakusema lolote. Akaigeuza ile ya pili imwelekee mteja, akauliza, "Vikombe vingapi?" Mteja akasema vitatu. "Hesabu tena." Kimya. Nilifunga bomba la maji ili nisikie. Mteja akaviona vile viwili vilivyosimama nyuma ya yule mtu, akavuta pumzi kama aliyetoka chini ya maji. Ndipo mama akagusa ile nane ya uru akasema, "Umejitupa kazini *ili* usigeuke kutazama hapa."

Hilo "ili" halimo kwenye kijitabu chako. Wala "ndiyo maana", wala "kabla ya hapo", wala "lakini umeshaanza". Nenda na masikio ya kuyakamata hayo. Na mkono wake je, unarudi nyuma kugusa karata ya mwanzo, au unakwenda mbele tu? Akinyamaza, ananyamaza kabla ya karata au baada? Yule wangu alikuwa akinyamaza kila mara kabla ya swali. Wengine hunyamaza ili mteja aogope. Utautambua upesi ukimya wa namna hiyo, na kwa kawaida nyuma yake hufuata bei. Ukisikia "umefungwa, lete pauni mia tatu nikufungue", chukua koti lako uondoke.

Halafu angalia picha zaidi. Karata hizo zenye watu, ambazo nadhani ndizo ulizopewa, zilichorwa na Pamela Colman Smith, zikatoka London mwaka 1909. Kwenye zile za kale za mtindo wa Marseille, Ufaransa, tano ya kopa ni vikombe vitano vimepangwa, basi, hakuna mtu wala joho. Huyu bibi amekuchorea kisa kwenye kila karata, nawe bado unataka kijitabu. Mwonyeshe mteja, mwulize anaona nini.

Suala la wizi. Ujuzi hujauiba, ungekuwa umeuiba ungejua la kusema. Siri za watu ndizo zinazotaka adabu, na hapo nilikosa mimi. Asubuhi moja kwenye kituo cha basi nilimkuta mwanamke niliyemsikia akisomewa juzi yake. Alikuwa amefiwa. Unajua sisi tulivyo, pole hututoka kabla hatujafikiri. Nikamshika mkono nikampa pole. Alinitazama, nikaona anarudi nyuma kichwani mwake, mkahawa, pazia, maji yanayochuruzika, mpaka akanifikia. Akautoa mkono wake. Hakurudi tena pale, na mama akamkosa mteja wa miaka. Aliponiuliza nilikiri. Nilidhani nimefukuzwa. Akavuta kiti akakiweka ubavuni pake akaniambia kuanzia leo, ukitaka kusikia, ukae hapa watu wakuone. Kila mteja akawa anaulizwa kwanza: huyu anajifunza, akae au aondoke? Wengi walisema nikae. Waliokataa nilirudi kwenye vikombe vyangu, nikafungua maji mpaka mwisho.

Basi wewe anzia kwenye kiti. Mwombe huyo mama, na mwambie awaulize watu mbele yako. Usiandike pale mezani. Ukifika nyumbani andika maswali aliyouliza tu, majina na mambo ya watu uyaache mlangoni kwake. Ukikutana na mtu barabarani, salamu na hali ya hewa.

La mama yako silitatui, mwanangu. Mimi nilimficha wangu mpaka akatangulia, na sijivunii. Unaweza kumwambia karata hizi zilianza kama mchezo wa mezani kaskazini mwa Italia karne ya 15, na kwamba habari za kutazamia zilikuja kuandikwa Ufaransa zaidi ya miaka mia tatu baadaye. Ni kweli tupu. Atakuuliza wewe unacheza au unatazamia.

Na siku ya kwanza usiende mikono mitupu. Mimi nilimpelekea mahamri ya iliki, akala matatu akisimama, akaniuliza kama huko kwetu tunaweka sukari ya unga juu.